Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: tutajieni kina cha maji kabla ya mgao

Mheshimiwa Waziri,

Nakuamkia kwa heshima kutoka Migoli, kando ya bwawa la Mtera. Mimi ni mchuuzi wa samaki. Nina friza mbili za perege wanaosubiri gari la Dodoma. Bwawa hili linanilisha mara mbili: samaki wanatoka humu, na umeme wa kuwagandisha, angalau kidogo, unatoka humu pia. Maji yakishuka hatuhitaji kusubiri taarifa ya habari. Visiki vinachomoza, tope linapanuka, wavuvi wanabeba ndoo mwendo mrefu kutoka kwenye mitumbwi.

Mtera ikijaa hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni mita 690. Basi usingizi wetu wote umo ndani ya mita nane na nusu. Na kadiri maji yanavyoshuka ndivyo yanavyodondoka kwa kimo kifupi zaidi, kwa hiyo mtambo unakula maji mengi kutoa umeme uleule. Bwawa lililofika nusu huisha haraka kuliko unavyodhani.

Jirani zangu wananicheka. Wanasema Mtera ni megawati 80 tu, mambo ya zamani, siku hizi tuna Bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Ni kweli, nami nalifurahia. Ila, Mheshimiwa, tazama ramani ya mito. Maji ya Mtera yanashuka na mto Ruaha Mkuu hadi Kidatu, kituo kingine cha umeme wa maji, kisha yanaingia mto Rufiji. Maji ya Kihansi, nacho kituo cha umeme, yanaingia mto Kilombero, na Kilombero ndio unaoleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Bwawa la Nyerere liko Rufiji. Hiyo ni familia yenye mashamba manne, yote kwenye bonde moja. Mvua ikikataa nyanda za juu kusini, shamba lipi litayafuta mengine machozi?

Haya si mawazo ya mtu mwoga. Mgao wa 2006 tunaukumbuka, na wa 2011. Oktoba 2015 mitambo mikubwa ya maji ilizimwa kwa kukosa maji, ikawa bahati kwamba bomba la gesi la Mtwara lilikuwa limekamilika mwaka huohuo. Ukaja 2022, ukaja 2023. Mwaka ule wa 2023 niliuza perege bei ya kutupa siku tatu mfululizo, wengine nikawakausha kwa chumvi. Halafu 2024 mvua za El Niño zikamwagika hadi baadhi ya vituo vya maji vikazimwa kwa sababu umeme umezidi, huku ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti wakihamishwa na mafuriko. Miezi michache tu ilitenganisha kiu na gharika.

Ninachoogopa ni miaka mizuri. Bwawa likijaa, gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay inaonekana kama mzigo, na mitambo ya umeme wa gesi ya Kinyerezi na Ubungo inaweza kusahaulika. Siku ya shida tunasikia kwamba mtambo fulani uko kwenye matengenezo. Matengenezo yafanyike masika, mabwawa yakiwa yanafurika. Mwezi wa kumi si wakati wa kufungua mashine.

Tena ukame wa bwawa hauji kwa kushtukiza kama upepo unaokata ghafla. Unaonekana miezi mitatu, minne kabla. Kwa hiyo ombi langu ni dogo: kila mwezi tangazeni kina cha maji cha Mtera na cha Nyerere, na mtaje kabisa ni mita ngapi zikifika gesi inawashwa kwa nguvu, hata kama bado kuna maji ya kutosha wiki kadhaa. Gesi ikiwashwa mapema, maji yanabaki kwa ajili ya Oktoba na Novemba. Ikichelewa, inakuta bwawa limeshakauka na peke yake haitoshi.

Jua na upepo navyo vifanye kazi hiyohiyo. Kiangazi kinachotukausha ndicho chenye jua kali Kishapu na upepo Singida. Umeme wa jua ukibeba mchana, maji yanasubiri usiku. Sijui kwa nini jambo hili linazungumzwa kama pambo.

Tangazo la kwanza naliomba kabla ya Agosti. Huo ndio mwezi ninaoamua kama nijaze friza moja au mbili.

Wako mtiifu,
Mchuuzi wa samaki, Migoli