Siku ya Mapumziko, Nenda Korntal

Kadzo mwanangu,

Sisi huku Rabai tu wazima. Mamako anauliza kama unavaa zile soksi nzito.

Umesema siku zako za mapumziko hapo Stuttgart unalala mpaka jioni. Jumapili moja panda treni ya S6 ushuke Korntal, si mbali. Krapf na Rebmann, wale wamisionari Wajerumani wa kanisa letu kuukuu, wote wawili wamezikwa kule.

Si kwamba walizaliwa pale. Krapf ni wa Derendingen, Rebmann wa Gerlingen. Korntal yenyewe ilianzishwa 1819. Njaa ya 1816 na ibada mpya walizoletewa kanisani ziliwachosha wacha Mungu wengi wa ufalme wa Württemberg, wakawa wanahamia Urusi. Gottlieb Wilhelm Hoffmann, meya wa Leonberg, akamshauri mfalme awape mahali pao wajiendeshee dini yao. Mfalme Wilhelm I akakubali, maana kila aliyehama alihama na kodi yake! Mwaka huohuo wakajenga Großer Saal, ukumbi wao wa ibada, na bado upo. Anzia hapo. Wakikusimulia mazuri tu, ujue pia kwamba 2018 ilitoka ripoti ya watoto walioteswa katika nyumba za malezi za jumuiya hiyo.

Kisha nenda makaburini. Krapf anasifiwa kwa kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapwa 1882, yeye akiwa ameshakufa. Lakini mimi ni mtu wa Rebmann. Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro akaandika, na bwana mmoja wa London, Cooley, ambaye hakuwahi kuufikia mlima huo, akambishia miaka na miaka. Rebmann akabaki huku kwetu tangu 1846 hadi 1875, bila kurudi kwao. Alipoondoka alikuwa kipofu, na aliyemsindikiza hadi Ulaya ni Isaac Nyondo, mtu wa huku. Akahamia Korntal awe karibu na Krapf, akafa Oktoba 1876.

Huyo Nyondo ndiye ninayemtaka. Uliza pale kama kuna mahali jina lake limeandikwa. Wazee wa kanisa lao huenda wakajua, nawe Kijerumani sasa unakiweza. Ukilipata, lipige picha unitumie kwa simu ya mamako, yangu imejaa.

Na ukate tiketi kabla ya kupanda. Nasikia wakaguzi wa huko hawabembelezwi.

Babako