Usomaji wa Jumamosi: George Herbert

Ndugu wapendwa, habari za jioni.

Jumamosi tunamsoma George Herbert, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Montgomery, Wales, mwaka 1593. Alikuwa msemaji rasmi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, akaingia bungeni 1624, na 1630 akapewa parishi ya mashambani ya Bemerton, karibu na Salisbury. Alihudumu huko chini ya miaka mitatu. Kifua kikuu kilimwua Machi 1633.

Msichanganye vitabu viwili. The Temple ni mashairi, yaliyotoka 1633 baada ya kifo chake kwa juhudi za rafiki yake Nicholas Ferrar. A Priest to the Temple ni nathari, sura 37 kuhusu kazi ya kasisi wa kijijini, iliyochapishwa 1652. Tunasoma mashairi.

Tutakaa sana kwenye "Easter Wings" (Mabawa ya Pasaka), shairi ambalo mishororo yake imepangwa kwa umbo la mabawa. Hesabuni mizani (silabi) kwa vidole: kila ubeti una mishororo 10, yenye mizani 10, 8, 6, 4, 2, kisha 2, 4, 6, 8, 10. Mshororo unakonda mwanadamu anapofukarika, unapanuka anapoinuka na Kristo. Ni ufundi wa ajabu! Katika ubeti wa pili, mshororo wa 8 una mizani 8 badala ya 6: toleo la 1633 lina maneno mawili, "this day", ambayo hayamo katika miswada ya mkono. Yafuteni kwa penseli mhesabu tena.

Wanaosomea simu, ilazeni; ikisimama mishororo mirefu hukatika na mabawa hupotea.