Risala ya Wanafunzi wa Maabara kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kwenye meza yetu ya hadubini, ambayo mwaka huu tumeipa jina la Ilya Mechnikov.

Mheshimiwa, mwaka 1882 huko Messina, Sicily, mtaalamu huyu wa wanyama aliwachoma lava (wachanga) wa kiti cha pweza kwa miiba ya waridi. Mwili wa lava ni angavu, hivyo kesho yake aliona seli zimeuzingira mwiba. Uzito wa jambo ni kwamba lava huyo hana mishipa ya damu, na enzi hizo uvimbe ulihesabiwa kuwa shauri la mishipa. Seli nyeupe za damu zenyewe zilishukiwa kusambaza vijidudu. Mwaka 1884 akarudia hoja yake, kwamba seli huulinda mwili kwa kula wavamizi, kwa dafnia, mnyama mdogo wa majini, aliyemeza spora (mbegu) za kuvu: seli zikiwahi kuzila, mnyama hupona, spora zikiwahi kuchipua, hufa. Kuanzia 1888 alifanya kazi Taasisi ya Pasteur, Paris, hadi alipofariki 1916. Wapinzani walidai kinga imo kwenye majimaji ya damu. Nao hawakukosea: Nobel ya 1908 aligawana na Paul Ehrlich, wa upande huo.

Ehrlich ndiye pia aliyefungua njia ya kuzitofautisha seli nyeupe kwa rangi, na hiyo ndiyo kazi utakayoiona leo. Tone la damu kwenye slaidi, yaani kioo cha hadubini, ni la upana wa milimita 2 hadi 3. Kioo cha kusambazia hulazwa nyuzi 30 hadi 45 na kusukumwa bila kusita. Tone likizidi, seli hurundikana. Mkono ukisita, mistari hujitokeza, seli kubwa huburutwa hadi mkiani na hesabu hupotoka. Rangi ya Leishman hukaa dakika 2, kisha huongezwa bafa (maji yanayodhibiti kiwango cha asidi) ya pH 6.8, mara mbili ya rangi, kwa dakika 8 hadi 10. Katika seli nyeupe 100, vitabu hutaja nyutrofili, aina mojawapo ya seli hizo, 40 hadi 75. Waafrika wengi wenye afya njema huwa nazo chache zaidi, kwa hiyo namba hiyo isimtie mtu ugonjwa asio nao.

Mheshimiwa, bafa ikiisha tunatumia maji ya bomba. Yakiwa na alkali, slaidi nzima huelekea bluu na eosinofili, aina nyingine ya seli nyeupe, hupoteza rangi yake ya chungwa. Tunaomba vidonge vya bafa vya muhula mmoja, na lenzi moja ya mafuta ya 100x.

Tunaomba kuwasilisha.