Vocha inayochagua zao

Ndugu Mhariri,

Mjadala wa ruzuku za kilimo katika nchi maskini hukwama palepale: mbolea imechelewa, orodha ina majina hewa, mifuko imeishia kwa walanguzi. Yote kweli. Lakini vocha, yaani hati au kuponi ya kupatia pembejeo kwa bei nafuu, inapomfikia mlengwa bila hitilafu yoyote, inamwelekeza apande nini?

Malawi, baada ya mavuno mabaya ya 2005, ilianza kugawa kuponi za mifuko miwili ya mbolea ya kilo 50, mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, pamoja na mbegu za mahindi. Mahindi yaliongezeka, na silibezi hilo. Aliyelala njaa mwaka ule hana haja na mahubiri yangu. Baadaye zikaja mbegu za jamii ya kunde, ila kilo mbili za mbegu zitashindana vipi na kilo mia za mbolea?

Mkulima mdogo anapiga hesabu. Mbolea ya bei nafuu imelengwa mahindi, na mnunuzi wa uhakika anataka mahindi. Nchini Zambia, wakala wa serikali wa akiba ya chakula huyanunua kwa bei moja nchi nzima, kwa hiyo hata mwenye shamba kwenye ukame, mahali pa mtama na uwele, anaona mahindi ndiyo salama. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Kinachoudhi ni kwamba mbaazi, zao la jamii ya kunde linalorudisha naitrojeni, kirutubisho cha mimea, ardhini na kupunguza haja ya mbolea, ndiyo inayosukumwa pembeni. Mahindi yakipandwa juu ya mahindi udongo unachoka, kisha uchovu huo unakuwa hoja ya kuomba ruzuku zaidi!

Zambia hiyohiyo ilijaribu njia nyingine mwaka 2015: vocha ya kielektroniki iliyomwachia mkulima achague pembejeo, hata dawa za mifugo. Ilipopanuliwa nchi nzima, malipo kwa wauzaji yakachelewa, na wilaya nyingi zikarudishwa kwenye mfumo wa kugawiwa mifuko ya mbolea. Hilo lilikuwa kosa la mlipaji, wala si la mkulima kupewa hiari.

Basi vocha iandikwe thamani ya fedha badala ya idadi ya mifuko, na wakala anayenunua mahindi atangaze pia bei ya mtama na mbaazi, kabla ya msimu wa kupanda, si wakati wa mavuno.

Msomaji wako