Barua ya wazi kwa wanandoa vijana wa avenyu yetu: pesa ya asubuhi ndiyo inayowamaliza

Katuba, Lubumbashi, mwisho wa Aprili

Wana wangu, na wake wa wana wangu,

Nimesita muda mrefu kabla ya kuandika barua hii, kwa sababu mwanamke mzee anayeanza kuzungumzia chungu cha jirani huonekana anatafuta maneno. Lakini tangu Januari wamekuja kwangu watu wa nyumba sita za avenyu hii, kila mmoja kwa saa yake na kwa aibu yake, kuniomba niwakopeshe meka ya unga, yaani kopo la kupimia, na wote walinieleza kwamba wamekwisha kupunguza kila kinachoweza kupunguzwa. Nilipouliza wamepunguza nini, nikaambiwa nyama, kisha samaki, kisha chai ya asubuhi ya watoto. Hapo nikaona kwamba kunyamaza si adabu tena, maana mnakata kwenye sahani ya mtoto ilhali tundu liko kwenye namna mnavyonunua.

Ninyi mnanijua kama Nkambo, yaani bibi, wa nyumba yenye mwembe, na wengi hamkuwapo nilipokuwa nauza unga na makala, yaani mkaa, katika soko la komini ya Kenya hapa Lubumbashi, kazi niliyoifanya miaka 22. Niwaeleze basi jinsi nilivyopata faida, kwa kuwa sasa siuzi tena na sina cha kuficha. Mfuko wa kilo 25 uliotakiwa kunipa meka kumi, mimi nilitoa kumi na moja. Meka yangu ilikuwa imebonyea kidogo chini, nami nilijua kumimina unga polepole ili ukae umevimba, kisha nikaujengea kichwa cha juu ambacho kilimfurahisha mteja kuliko uzito wenyewe. Makala niliyafanya vivyo hivyo: vipande vikubwa juu ya fungu, vumbi na vijipande chini. Mwenye pesa alikuja mara moja kwa mwezi, akachukua mfuko mzima, akaondoka, na kwake nilipata kidogo sana. Aliyesomesha watoto wangu ni yule mama aliyekuja kila asubuhi na pesa ya siku moja, akanunua meka moja, fungu moja la makala na mafuta ya kupimiwa katika kifuko cha plastiki, na kesho yake akarudi. Kwa mwezi mzima alilipa zaidi kuliko tajiri, kwa unga uleule.

Kwa hiyo ninawauliza waume: kwa nini mke anapewa pesa ya soko kila asubuhi, kama mtoto anayetumwa dukani? Nimewasikia mkisema kwamba mwanamke akipewa ya mwezi ataimaliza kwa wiki moja. Huenda wako wa namna hiyo, kama walivyo wanaume wanaomaliza mshahara kati ya lango la kazi na lango la nyumbani. Lakini anayetoa pesa kwa vijipande amekwisha kuamua, bila kujua, kwamba nyumba yake itanunua kwa bei ya juu kuliko zote sokoni, na jioni analalamika kwamba bukari (ugali) ni kidogo.

Tabia hii ina mizizi yake hapa kwetu. Mimi ni binti wa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini ambayo baadaye, mwaka 1967, ilichukuliwa na serikali na hatimaye ikawa Gécamines. Katika makambi ya wafanyakazi posho ilitolewa kwa kuhesabu mke na watoto: unga, samaki mkavu, chumvi, mafuta. Baba yangu hakujua bei ya unga mpaka alipozeeka, kwa sababu hakuwahi kuununua. Posho ilipokwisha, wanaume wengi wa mji huu walibaki na desturi ya kutoa bila kuhesabu pamoja, na wake wakabaki na kazi ya kuficha upungufu. Ninyi hamna posho. Kaeni chini wawili siku pesa inapoingia, kila mmoja aseme alichonacho chote, na unga na makala ya mwezi vitoke kwanza, kabla hata ya unite za simu.

Najua jibu la anayeendesha moto (pikipiki) au anayefanya vibarua: yeye hapati ya mwezi, anapata ya siku, nayo si ya hakika. Jibu hilo ni la kweli, na ndiyo sababu ninataka tubadilishe likelemba yetu, mchango wetu wa kupokezana kwa zamu. Leo anayepokea zamu huchukua pesa taslimu, na nimeona zamu ngapi zimegeuka kuwa sufuria za maua na viatu! Badala yake, nyumba tano ziweke kiasi kidogo kila siku kwa mtu mmoja mwenye daftari, na pesa ikifika bei ya mfuko, unanunuliwa mfuko, unagawanywa siku hiyohiyo mbele ya wote. Ugawanywe kwa mizani. Meka nimewaeleza jinsi inavyodanganya.

Kuhusu wakati wa kununua, mahindi ya mashamba yanayotuzunguka yanaanza kuingia mjini sasa, na bei huwa nafuu baada ya mavuno, kisha hupanda mvua zikirudi, hasa Januari na Februari, wakati ghala ni tupu na mahindi mapya bado ni mabichi. Tena sisi tunategemea sana unga unaopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mwaka 2024 Zambia ilipatwa na ukame, ikatangaza janga la taifa tarehe 29 Februari, ikabana mahindi yake yasitoke, na kila mmoja wenu anakumbuka foleni na bei za mwaka ule. Anayeweza kununua punje mwezi wa Mei au Juni, anunue punje, azipeleke kusaga kidogo kidogo, kwa sababu unga haukai vizuri kama mahindi makavu. Mfuko usilale sakafuni, uwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Na franka msizikumbatie mkidhani ni akiba: zilipoanza kutumika mwaka 1998 dola moja haikufika franka 2, na leo inapita franka 2,000. Mahindi yaliyo ndani ya nyumba hayajali dola imepanda au imeshuka.

Makala yanaweza kupunguzwa bila mtu kulala njaa. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, yachemke kwa nguvu nusu saa, halafu sufuria yenye kifuniko ifungwe ndani ya blanketi nene na kuwekwa katika kapu. Baada ya saa chache yanarudishwa motoni kwa muda mfupi tu yamalizike. Mbabula, yaani jiko la makala, yenye udongo ndani inashika moto kuliko ile ya bati tupu, na bei yake inarudi. Lakini sombe msiiharakishe hata siku moja, kwa kuwa majani ya mihogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa vizuri na kuchemshwa sana. Maji ya kunywa yachemshwe kama kawaida. Na baridi ya Juni ikija, mbabula isiingizwe chumbani ili kuokoa makala: moshi usioonekana unaua watu waliolala, na hauna harufu ya kuwaamsha.

Nyumba ya kupanga sina mengi ya kusema juu yake, isipokuwa hili ambalo wenye nyumba hawalitaji: sheria ya upangaji ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema dhamana ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Mmoja wenu ametoa ya miezi sita na akakopa ili aitoe.

Mkopo ndio ulioniumiza mimi, kwa hiyo nitausema kwa jina langu. Ndugu ya mume wangu alipofariki, nilitaka kilio kiwe kikubwa, vikwembe vya sare, ng'ombe, viti vya kukodi, na mtu mmoja wa sokoni akanikopesha kwa riba ya nusu ya deni kila mwezi. Wageni walikula siku tatu. Mimi nililipa miezi kumi na minne, na katika miezi hiyo binti yangu wa pili alirudishwa nyumbani na shule mara mbili. Nilijua kuhesabu vichwa vya meka za watu wengine, na sikuhesabu gharama ya kilio hicho. Kilio kikitufikia katika avenyu hii, nitakuwa wa kwanza kusema hatuvai sare. Wacha wanisengenye mimi, nimezoea.

Jumamosi ya kwanza ya Mei, saa tatu asubuhi, nitakuwa chini ya mwembe na mizani yangu ya zamani, ambayo nimeipeleka kwa fundi ikarekebishwa. Nyumba tano za kwanza zije na daftari moja, kalamu, na mifuko mitupu iliyofuliwa. Waume waje pia. Sitapima unga wa mke ambaye mume wake amebaki kitandani.

Nkambo wenu