Geji ya Kompresheni ya Dizeli Inasoma Chini? Pitia Haya Kabla ya Kufungua Injini

Geji hii hupima presha ambayo pistoni inaibana ndani ya silinda. Malalamiko yanayotufikia dukani yanafanana: "Geji mliyoniuzia mbovu. Inasoma 18 silinda zote, na gari linapanda mlima bila shida." Wengine hawaji hata kulalamika. Wanaiamini hiyo 18 (kilo kwa sentimita mraba, karibu sawa na bar), wanateremsha silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, wananunua ringi na gasketi mpya, wanafunga, wanapima tena: 18. Hapo ndipo simu inapopigwa kwa hasira, na wezi ni sisi.

Mara nyingi geji ni nzima, na injini nayo ni nzima. Kibovu ni kilichoko katikati yake: adapta inayofungwa kwenye tundu la injini, mpira wa kupeleka presha kwenye geji, valvu ndogo, au stata inayozungusha kwa uchovu.

Tuanze na kununua. Injini ya petroli hutoa psi 120 hadi 180, kwa hiyo geji yake huishia psi 300, yaani bar 20 hivi. Dizeli nzima hutoa bar 25 hadi 35. Ukifunga geji ya petroli kwenye dizeli, mshale unagonga ukingoni, na kile kibomba kilichopinda ndani ya geji kinanyooka kupita uwezo wake wa kurudi. Tangu siku hiyo mshale haurudi kwenye sifuri, na hata ukipima petroli itakudanganya. Geji ya dizeli hufika bar 70, au psi 1000. Ukiuziwa seti "ya magari yote" yenye geji moja inayoishia 300, iache hapo hapo mezani.

Sasa adapta, maana hapa ndipo bei yetu inapopigiwa kelele. Ni kweli, zipo seti mtaani kwa nusu ya bei yetu. Zina geji ileile kwa sura, lakini adapta zake ni chuma laini na nyuzi zimekatwa ovyo. Adapta huingia kwenye tundu la hita plagi, ile plagi inayopasha joto silinda wakati wa kuwasha. Tundu la M10x1.0 na la M10x1.25 (yote upana milimita 10, nyuzi ndizo zinapishana) kwa macho ni kitu kimoja. Fundi akiona adapta inagoma anaongeza spana, na nyuzi za hedi zinaondoka. Kulitengeneza tundu lile ni kushusha hedi na kuipeleka kwa mchongaji, gharama ambayo ingenunua seti nzuri na chenji ikabaki. Adapta sahihi inaingia kwa vidole mizunguko mitatu au zaidi kabla ya kushika spana. Isipoingia, si yenyewe, hata kama boksi limeandikwa jina la gari lako. Urefu nao uangaliwe: fupi mno inaacha nafasi na kushusha usomaji, ndefu mno inaweza kugonga ndani. Ilinganishe na hita plagi uliyoitoa, ziweke sambamba kwenye kitambaa.

Injini zisizo na hita plagi, kama za malori mengi makubwa, hupimiwa kwenye tundu la nozeli, ile inayopuliza dizeli ndani ya silinda. Hapo chini ya adapta lazima ikae washa (pete bapa) ya shaba, na washa mpya tena wakati wa kurudisha nozeli. Anayerudisha ya zamani atasikia nozeli ikipumua moshi baada ya siku chache.

Lakini chanzo kikubwa cha usomaji wa chini ni valvu ndogo ya kuzuia presha isirudi, ile inayofanana na ya tairi. Katika seti ya dizeli inatakiwa ikae kwenye ncha ya adapta, karibu kabisa na chemba, yaani nafasi ya kuwakia mafuta. Seti nyingi za bei poa huiweka juu, penye geji. Chukua injini ya Toyota 3L iliyojaa kwenye Hiace na Hilux zetu: cc 2779, silinda nne, uwiano wa kompresheni (hewa inabanwa mara ngapi) takriban 22. Kila silinda ina cc 695, na pistoni ikifika juu nafasi inayobaki ni kama cc 33 tu. Mpira wa sentimita 40 wenye tundu la milimita 4 unabeba cc 5. Valvu ikiwa juu, hizo cc 5 zinakuwa sehemu ya chemba, uwiano unashuka hadi 19 na ushei, na injini iliyopaswa kusoma 32 inasoma karibu 27. Injini haina kosa lolote. Kwenye petroli, ambayo chemba yake ni kubwa, mpira huohuo hauleti tofauti ya kutisha, ndiyo maana fundi aliyezoea petroli hashtuki.

Halafu kuna njia ya mkato tunayoikuta kila mara geji zinaporudishwa: valvu ya ndani imepotea au imeungua, na mahali pake pamewekwa ya tairi. Zinaingia sawa, ndiyo. Ila springi ya valvu ya tairi ni ngumu zaidi, inakula sehemu ya presha kabla haijafunguka, na mpira wake haukutengenezwa kwa joto la chemba ya dizeli. Ya kwake halisi ni kitu kidogo cha bei ndogo; tunaiuza peke yake, na kila seti tunayotoa ina ya akiba. Kama mshale unapanda na kushuka kwa kila pigo, valvu imekwama wazi, mara nyingi kwa masizi: itoe, ioshe kwa petroli, ipulize. Kama mshale unapanda vizuri kisha unateremka polepole baada ya kuacha stata, paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Utaiona oringi (pete ya mpira ya kuziba) inayovuja. Kama haupandi kabisa, angalia kwanza kitufe cha kutoa presha kisije kikawa kimebanwa. Usicheke, geji hurudishwa kwa hilo.

Kuhakiki geji yenyewe ni rahisi kwa mwenye kompresa ya upepo. Ifunge kwenye mstari wa bar 8 na ulinganishe na geji ya tangi. Zikipishana sana, au mshale usiporudi kwenye sifuri, hapo lete, tutaongea.

Upimaji wenyewe. Washa injini ipate joto lake la kazi. Toa hita plagi zote nne, si moja. Anayetoa moja tu na kuacha tatu anailazimisha stata kupambana na kompresheni ya silinda nyingine, mzunguko unashuka, namba inashuka. Hita plagi iliyoganda usiipige nguvu. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, itoe injini ikiwa ya moto, kwenda na kurudi. Ikikatikia ndani, kazi ya nusu saa imegeuka ya kushusha hedi. Chomoa waya wa solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu, ncha yake ifunike isiguse bodi. Toa chujio cha hewa. Betri iwe imejaa. Stata ikifanya kazi isishuke chini ya volti 10. Kiwango cha Toyota kwa 3L kinahesabiwa injini ikizunguka mara 250 kwa dakika, na betri iliyochoka haifiki hapo. Piga stata hadi mshale uache kupanda, mapigo matano hadi manane, kisha silinda zinazofuata zipe idadi ileile. Dawa ya kupuliza ya kuwashia injini isionekane karibu na geji.

Kwa 3L, injini mpya ni kilo 32 kwa sentimita mraba, sawa na psi 455. Mwisho wa kuvumilia ni 20, sawa na psi 284. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5, yaani psi 71. Hii ya tofauti ndiyo watu wanaipuuza, wakati sisi tunaiangalia kwanza. Silinda nne zinazosoma 25, 25, 24, 25 zinatutisha kidogo kuliko 31, 30, 22, 31.

Na wateja wa Mbeya na Njombe, sikieni: viwango vya kitabu havikupimiwa kwenu. Mbeya iko mita 1700 hivi juu ya bahari, presha ya hewa iko chini kwa karibu asilimia 18. Injini inayosoma 32 Dar es Salaam itasoma kama 26 kwenu, bila kuchakaa hata punje.

Namba ikishakuwa ya kuaminika, pigo la kwanza linasema mengi. Likianza chini kisha likapanda kidogo kidogo hadi namba ya wastani, shuku ringi. Likianza chini na kubaki chini, shuku valvu za injini, lakini pima nafasi ya valvu kabla ya kugusa hedi. Valvu iliyobana inatoa dalili hizo hizo. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi. Zote nne chini kwa usawa, rudi kwenye betri na stata, kisha kagua taimingi belti kama imeruka jino.

Ile ya kumimina oili kwenye silinda ili kutenganisha ringi na valvu, kwenye dizeli tunaikataa. Chemba ni cc 33. Kijiko kimoja cha cc 5 kinaipunguza kwa sehemu kubwa na namba inapanda hata kama ringi ni nzima. Oili ikizidi, pistoni inagonga kimiminika, na fito ya pistoni inapinda. Kwa swali hilo tunatumia upepo: pistoni juu, silinda inajazwa hewa, tunasikiliza. Ikitokea kwenye kifuniko cha oili ni ringi, kwenye ekzosi au njia ya hewa ni valvu, mapovu kwenye rejeta ni gasketi au hedi iliyopasuka.

Kipimo cha namna hiyo karakana kwetu tunakitoza kama kazi kamili, na wapo wanaosema tunatoza pesa ya kusikiliza upepo. Kinachukua muda kwa sababu hita plagi hatuzilazimishi. Namba za kila silinda tunakuandikia, na ukitaka kumpelekea fundi wako mwingine, karatasi ni yako.

Anayeagiza seti kutoka mkoani atume picha mbili: hita plagi yake ikiwa kando ya rula, na namba ya injini. Tunafunga adapta inayohusika na kutuma kwa basi. Geji iliyogongeshwa mshale ukingoni haturudishi pesa yake. Valvu ya geji na oringi tunabadilisha ukisubiri.