Kwa kinamama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kuhusu ile faini ya kusahau salio

Wanangu na wadogo zangu wa Jumamosi saa kumi, chini ya mwembe, hapa Mbagala,

Wachache mnaonizidi umri, shikamooni. Nyie wengine, marahaba.

Tangu Jumamosi moyo wangu haujatulia. Mwenzetu aliposimamishwa ataje salio la mfuko wa jamii, nilimwona anafungua mdomo, anaufunga, anaanza kusokota ncha ya khanga. Wiki moja kabla alilitaja yeye mwenyewe, tena kwa sauti: 187,500. Safari hii halikuja. Mkacheka, mkamtoza 500, na nyuma yangu nikasikia mtu ananong'ona kwamba mwenzetu kachezewa. Ana miaka 47, siku zake zinaruka miezi, usiku analowa jasho. Hajachezewa na mtu.

Faini hiyo niliileta mimi. Wote wakilijua salio kichwani, hakuna wa kuchezea daftari. Ndiyo ilikuwa hoja yangu, na ni hoja nzuri. Ila niliisahau hali ambayo mimi mwenyewe nilishaipitia.

Nilikuwa na miaka 48, bado nesi, na nilikuwa nashika ufunguo mmoja kati ya zile tatu za sanduku. Jumamosi moja ufunguo haupo. Tulipekua mkoba, tukapekua kitanda, mwishowe akaitwa fundi na msumeno wa chuma, akakata kufuli huku wenye funguo wenzangu wakinitazama kama mtu aliyekula hela za watu. Siku nne baadaye nafungua kopo la dagaa nipike, nikaukuta umelala humo, unanuka. Mpaka leo sikumbuki kuuweka. Nilichowaambia wenzangu ni kwamba mjukuu wangu ndiye aliyeuchezea, na mtoto wa watu akachapwa na mama yake.

Kuna kinachoendelea mwilini tunapoelekea kukoma hedhi. Kuanzia miaka ya arobaini na kitu, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka ovyo, na hali hiyo inaweza kuchukua miaka kadhaa kabla hedhi haijakoma kabisa. Homoni hiyo haifanyi kazi kwenye kizazi peke yake. Hata ubongo unaitumia, zikiwemo sehemu zinazoshika mambo mapya na zinazotusaidia kukaza fikra. Ndiyo maana jina la mwalimu wako wa darasa la kwanza unalo, lakini neno "kijiko" linagoma ukiwa umekishika mkononi. Ongeza usingizi: unaamka saa nane umelowa, umeme umekatika, feni imesimama, hujui jasho ni la Dar au la mwili wako. Kichwa kilicholala kwa saa tatu tu kitashika nini?

Sasa lililonifariji. Marekani walifuatilia wanawake zaidi ya 2,000 kwa miaka minne, wakiwapima kumbukumbu mara kwa mara. Matokeo yalitoka 2009. Kwa kawaida mtu akirudia mtihani uleule anafanya vizuri zaidi. Waliokuwa katikati ya mpito huo wa kuelekea kukoma hedhi hawakuongeza alama kama wenzao, lakini hedhi ilipokwishakoma, uwezo wa kujifunza ukarudi. Hata mimi ulirudi. Si ndiye ninayewakumbusha madeni yenu?

Lakini msilale mkasema "ni umri tu." Damu ikitoka nyingi kipindi hiki inakausha madini ya chuma, na upungufu wa damu nao unasahaulisha. Tezi ya shingo, sukari, presha na sonona vinaweza kufanya hivyohivyo, na vyote hospitali wanaviangalia. Anayepotea njia ya nyumbani kwake, au anayeshindwa kupika chakula alichokipika maisha yote, asingoje, apelekwe. Mdomo ukipinda ghafla au mkono mmoja ukikosa nguvu, huenda ni kiharusi, ni hospitali saa hiyohiyo. Na aliyemaliza miezi 12 bila hedhi kisha akaona damu, hata tone, aende akapimwe. Dawa za homoni zipo, zinasaidia joto na jasho la usiku, usingizi ukarudi. Lakini hazitolewi kwa ajili ya kusahau peke yake, na si za kila mtu. Muulizeni daktari. Vile vichupa vya kusafisha kizazi vinavyouzwa Kariakoo viacheni hukohuko.

Jumamosi nitaleta hoja faini ya kusahau ifutwe. Salio litajwe na watu wawili pamoja, liandikwe kwa chaki ubaoni, kila mtu alinakili kwenye kitabu chake cha hisa. Mwizi hatapata mwanya.

Ile 500 ya mwenzetu nitailipa mimi, na juu yake bei ya kufuli iliyokatwa, ambayo kikundi kilinisamehe kwa sababu ya uongo wangu. Mjukuu mwenyewe sasa ana ndevu. Nilimpigia simu jana usiku nikamwambia ukweli. Akacheka sana, akaniuliza kama wale dagaa tuliwala.

Mimi mlezi wenu